Pini Mdomoni

Hebu nikuulize wewe unayenisikiliza: umewahi kumwona mtu mwenye akili zake timamu akifumua nguo yake mpya kwa mkono wake mwenyewe, halafu akaipeleka kwa fundi na kusema imefumuka yenyewe? Mimi nimemwona. Nimemwona barazani kwangu, mchana kweupe, miwani ikiwa machoni. Kaa vizuri basi nikueleze tangu mwanzo, maana jambo hili ukilishikia katikati litakuponyoka.

Mjukuu wangu ni fundi cherehani. Jina la ubatizo analo, lakini mtaa mzima unamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa kazi yake, naye huitika bila kinyongo. Mimi humwita mke mwenzangu, kwa sababu marehemu babu yake alimposa siku ile ile aliyozaliwa. Alimpakata akasema, "Huyu sasa ndiye mke. Yule mzee wa jikoni mrudisheni kwao." Ndio utani wetu mpaka leo. Akiniudhi namwambia afungashe arudi kwao, naye ananijibu, "Mke mdogo haondoki. Tafuta begi lako."

Kazi tunaifanyia chumba cha mbele. Cherehani iko chini ya dirisha, ile ya kukanyaga, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika pale tu ambapo mkono hupita. Nilishonea mimi mpaka magoti yakakataa. Kando yake kuna meza ya kukatia, imetandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake ili pasi isiunguze mbao. Ukutani kuna kioo kirefu chenye ufa kwa chini, kwa hiyo kila mteja hujiona ana kiatu kimoja kizima na kingine kimepasuka. Kiti changu kiko karibu na mlango. Kazi yangu siku hizi ni kushona vifungo na kusikia mambo yasiyonihusu.

Sasa kuna tabia moja ya Sindano ambayo lazima uijue, maana ndiyo iliyozaa yote. Anapomjaribisha mtu nguo, huweka pini mdomoni. Safu nzima, vichwa nje, kama meno ya chanuo. Nilimfundisha azichome kwenye kimto, nikamshonea na kimto chenyewe, kizuri, chekundu, kimekaa dirishani kama pambo. Anasema mdomo uko karibu zaidi. Kwa hiyo akiwa kazini haongei. Mteja akimweleza jambo, yeye ni "mm." Likiwa la huzuni, "mmm," ndefu kidogo. Lakini macho yake huwa usoni kwako, na mikono inakugeuza taratibu, bega hili, bega lile, na wewe bila kujua unajikuta umeshasema mpaka yale uliyoapa kwenda nayo kaburini.

Hata bila pini si msemaji. Alipokuwa msichana mdogo alipewa kusoma sala mbele ya kanisa. Akapanda, akashika kipaza sauti, akasema, "Ee Bwana," akanyamaza. Tukangoja. Kanisa zima tukangoja, na naamini Bwana mwenyewe alikuwa anangoja. Mwishowe akasema, "Amina," akashuka. Watoto wenzake wakamwita Ee-Bwana-Amina mpaka wakachoka. Tangu siku hiyo, ukimgusia habari ya kumtumikia Mungu, anakwambia, "Bibi, kazi ya Mungu ni ya wenye midomo. Mimi nina mikono."

"Musa naye alikuwa na ulimi mzito," namwambia.

"Musa alipewa Haruni amsemee. Mimi nimepewa wewe, na ibada haijafika nusu umeshasinzia."

Lakini mimi nikisinzia jicho moja liko macho. Nilikuwa naona jinsi Jumapili hakai na wanawake wenzake. Hukaa benchi lililo nyuma ya vijana. Anawapitia kwa macho mmoja mmoja, na kama kuna asiyekuja, basi siku hiyo hata wimbo anaoupenda hauimbi vizuri. Nikayaona hayo nikanyamaza. Mtoto wa mtu humvuti ulimi kama unavyovuta uzi kwenye tundu la sindano.

Ikawa yule mwalimu aliyekuwa akiongoza vijana kanisani kwetu alihamishiwa kazi mbali, akaondoka na mkewe. Vijana wakaanza kuvuja kama maji kwenye pakacha. Leo hayupo huyu, wiki ijayo hayupo yule. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye sote tunamwita Mzee Saa kwa vile huangalia saa yake hata watu wakiwa wamefumba macho, akasema dawa ni moja: vijana wakae katikati ya wakubwa, waige. Mchungaji akasema tungoje kidogo. Mchungaji wetu bado kijana, ana mashavu ya mviringo, na hucheka kabla ya kumaliza mzaha wake. Akasema tuwape kwanza kitu cha kushika, tuwashonee majoho ya kuimbia. Mtu mmoja mwema akatoa jora la kitambaa cha buluu, na kazi ikaletwa kwa Sindano.

Wa kwanza kuja kupimwa alikuwa kijana fundi baiskeli. Huyo anaitwa Baragumu, na ukimsikia akisema "hodi" utajua kwa nini. Vikombe kabatini huitikia kabla yangu.

"Shikamoo Bibi! Nimekuja kupimwa, lakini nasema mapema, bega langu moja liko juu. Fundi asije akaniharibu."

"Marahaba. Aliyeliharibu alishapita, Sindano atalifunika tu."

Akasimama mbele ya kioo akinyanyua mikono, anacheka, anajisifu. Sindano akapitisha futi kifuani, akaanza kuchoma pini kwenye kiolezo. "Mm," akasema. Baragumu akaongea habari za kwaya. "Mm." Akaongea habari za baiskeli. "Mm." Halafu sauti ile ikapungua, nikasimamisha kifungo nilichokuwa nashona ili nisikie.

"Fundi, unajua mimi na baba hatusemezani? Tunakaa nyumba moja, tunapishana mlangoni kama wapangaji."

"Mmm," Sindano akasema, ndefu. Hakuacha kumtazama.

Basi akaeleza yote, pale pale, mikono ikiwa hewani. Alipomaliza, Sindano akatoa pini mdomoni, akamwekea mkono kwenye lile bega lililo juu, akasema, "Bwana, huyu ni wako. Mshike, na baba yake umshike." Basi. Akarudisha pini mdomoni akaendelea na upande wa pili. Baragumu alitoka bila kuaga kwa kelele, na vikombe vyangu vikapumzika.

Wakaja wote hivyo hivyo. Alikuja msichana mmoja tuliyekuwa tukimwita Kimya. Mama yake alifariki, na tangu hapo shuleni na nyumbani alikuwa akijibu kwa kichwa tu. Nilijiuliza hawa wawili itakuwaje, bubu wa pini na bubu wa huzuni. Nikasikia "mm" za Sindano, kisha kimya, kisha "mm" nyingine. Na mwisho kabisa, wakati wa kupima urefu wa mkono, yule mtoto akasema, "Mama alikuwa ananishonea yeye." Neno hilo moja. Sindano akapiga magoti pale pale kwenye vipande vya kitambaa, akamshika mikono yote miwili.

Majoho yakaisha, yakapigwa pasi, yakagawiwa. Mazuri! Buluu iliyoiva, kola nyeupe, pindo la kulala sawasawa. Nilikagua mimi, na jicho langu kwenye mshono halina upendeleo wa ukoo.

Wiki haikuisha, Kimya akarudi na joho mkononi. Pindo limefumuka. Sindano akashtuka, akalishona upya, wakakaa kidogo, msichana akaongea maneno mengi kuliko mara ya kwanza, akaenda. Kesho yake akaja mwingine, kwapa limeachia. Akaja Baragumu, pindo lote chini linaning'inia kama ulimi wa mbwa.

"Fundi, sijui imekuwaje! Nilikuwa nimeketi tu, nikasikia *pwaa*."

Basi ikawa ndiyo hali. Kila alasiri chumba kimejaa vijana na majoho yaliyofumuka. Wanakaa mkekani, wanacheka, wanangoja zamu, na zamu ikifika kila mmoja anasimama mbele ya kioo chenye ufa na kuongea. Mmoja aliogopa mtihani. Mmoja aliwaambia wenzake kwamba kuna siku anasali na haoni kama kuna anayesikia, na hakuna aliyemcheka. Sindano akitoa pini anasali yale maneno yake machache. Nyumba ilinoga, sikufichi.

Lakini fundi mwenyewe alikuwa anakonda, na pa kukonda hapakuwepo. Jioni wakishaondoka alikaa na joho mapajani akiuchunguza mshono wake.

"Bibi, mkono wangu umeharibika."

"Haujaharibika."

"Nguo za harusi hazirudi. Sare za shule hazirudi. Zinarudi hizi tu, za kanisani. Huoni Mungu ananiambia kitu? Hata kwa mikono hanitaki."

Wakati huo huo shangazi yake, binti yangu wa kwanza, alikuwa amepiga simu. Yeye anasimamia karakana kubwa ya mapazia katika mji mwingine, na alikuwa na nafasi ya fundi. Alitaka jibu kabla ya Jumapili. Nafasi nzuri, cherehani za umeme, chumba cha kulala. Sindano akaniambia, "Nitakwenda, Bibi. Pazia likishatundikwa halirudi kulalamika." Akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kuazima.

Alipokwenda kuoga nikalichukua joho la Kimya, nikafuta miwani, nikalisogeza dirishani. Sasa nikwambie kitu cha ushonaji. Uzi ukikatika wenyewe huacha ndevu. Ncha yake inachanika, inakuwa kama mkia wa mbuzi. Uzi uliokatwa kwa wembe hauna ndevu. Nikazitazama ncha zile. Laini, zimenyolewa kama kidevu cha bwana harusi. Nikatazama joho la pili, la tatu. Videvu vitupu.

Nilitamani kumwita pale pale. Nikajizuia. Ukimwambia mtu anapendwa kabla wampendao hawajajitokeza, atasema unamfariji tu. Nikangoja.

Alhamisi mchana nilikuwa ndani nyuma ya pazia la mlango. Nikasikia watu barazani wakinong'ona, kama unong'ono wa Baragumu unaweza kuitwa unong'ono. Nikachungulia. Ameketi juu ya ngazi, joho lake jipya lililoshonwa juzi liko magotini, wembe mkononi, ulimi umetoka pembeni kwa umakini. Kimya ameshika kitambaa kimenyooka.

"Taratibu," Kimya alikuwa anasema. "Usiguse kitambaa, kata uzi tu. Ukikata kitambaa atalia."

"Mimi fundi bwana, usinifundishe."

Nikafungua pazia. "Karibuni. Msaada wa mkasi mnahitaji?"

Wembe ukaanguka. Baragumu akasimama, akakaa, akasimama tena. "Shikamoo Bibi! Imefumuka!"

"Naona. Imefumuka vizuri sana. Mnafumua kazi ya mjukuu wangu kwa nini?"

Akakuna kichwa. "Bibi, usitusemee. Tukija mikono mitupu tutasema tumefuata nini? Watu watasema hawa vijana hawana kwao. Lakini mtu akiwa na nguo iliyofumuka, si anakaribishwa tu?"

"Tangu lini mtu akakaribishwa nyumba hii kwa kufumuka?"

Kimya ndiye aliyenijibu. "Hapa ndipo ninapoweza kusema, Bibi. Mahali pengine maneno yananiganda. Yeye ananisikiliza." Akainamisha kichwa. "Na nikitoka hapa, usiku naweza kusali."

"Na mimi na baba tulikula pamoja jana," Baragumu akadakia. "Sahani moja! Hatukuongea mengi. Alisema 'sogeza chumvi.' Lakini alisema!"

Nikacheka mpaka nikashika mlango. Kisha nikawaambia, "Sikilizeni, wanangu. Mnampenda, lakini mnamla moyo. Anaamini mkono wake umeharibika. Kabla ya Jumapili atampa shangazi yake jibu, na atakwenda zake kushona mapazia. Ingieni ndani mkamwambie wenyewe."

Nyuso zao zikabadilika. Wakaingia kama watu wanaokwenda kuchomwa sindano. Sindano alikuwa anakanyaga cherehani. Baragumu akajaribu kuanza, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe sauti haikutoka. Kimya akamtangulia.

"Dada, majoho hayafumuki. Tunayakata."

Cherehani ikasimama. "Mnayakata?"

"Kwa wembe," Baragumu akasema. "Wote. Tulikubaliana kwa zamu, ili tusijae siku moja. Mishono yako ni migumu sana, Dada! Ule wa kwapa nimehangaika nao mpaka nikajikata kidole, ona."

Sindano akawatazama, akakitazama kile kidole. Akaanza kucheka. Machozi yakawa yanateremka huku anacheka, akainyakua futi shingoni mwake akawachapa nayo begani, mmoja mmoja, pa, pa, nao wakawa wanajikinga na kupiga makelele. Mimi pembeni nikamwambia Mungu asante, maana chumba changu hakijawahi kusikia furaha ya namna ile.

Walipotulia, Kimya akasema, "Dada, tunataka wewe ndiye uwe kiongozi wetu."

Kicheko kikakoma. Sindano akageukia cherehani. "Mimi siwezi kuhubiri. Mnajua wenyewe. Ee Bwana, Amina."

"Mahubiri tunayasikia Jumapili," Baragumu akasema. "Tunataka wa kutusikia sisi."

Sindano akanyoosha mkono. Akachukua joho la Baragumu, akaanza kulipinda.

Jioni ile nilimuuliza, tukichambua maharage jikoni. "Mke mwenzangu, wewe unataka nini?"

"Mungu akitaka—"

"Mungu nitamuuliza mwenyewe, tunaongea kila siku. Nimekuuliza wewe."

Akachagua harage moja bovu, akalitupa. "Bibi, mtu akisema anataka kazi ya Mungu, si ni majivuno? Si lazima aitwe?"

"Na hao waliojikata vidole kwa wembe, unadhani walikuwa wanapiga mluzi? Samweli aliitwa usiku akadhani ni mzee Eli. Wewe umeitwa alasiri ukadhani ni pindo."

Akainamia ungo. Nami nikaendelea kuchambua. Nilikuwa nimeshasema langu, na maharage yalikuwa hayajaisha.

Jumamosi mchana wakaja Mchungaji na Mzee Saa. Mzee Saa amepungua mwili, na alitaka koti lake la Jumapili lipunguzwe kwa haraka. Sindano akamsimamisha mbele ya kioo, akajaza pini mdomoni, akaanza kuvuta mshono wa mgongoni.

"Tumekuja pia na ajenda," Mzee Saa akasema, mikono hewani. "Kesho tunatangaza. Kiongozi wa vijana hatuna. Tumetafuta, kila mmoja ana udhuru. Kwa hiyo vijana watakuwa chini yangu, watakaa na wakubwa."

"Mm," Sindano akasema.

Mchungaji alikuwa ameketi kwenye kigoda, hakuwa anacheka. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Bibi, sipendi, lakini sina mtu."

Sindano akamgeuza Mzee Saa taratibu, bega hili, bega lile, akamtazama usoni. Mzee akakohoa. "Si kwamba nataka," akasema. "Mimi na vijana... hatuelewani. Wanangu wenyewe walipokuwa rika hilo sikuwa nao. Nilikuwa nawahi, kila mara nilikuwa nawahi mahali. Sasa wamekuwa watu wazima, wakija kunisalimu wanaangalia saa kabla yangu."

"Mmm," Sindano akasema, ndefu.

"Naogopa hawa nao nitawapoteza," Mzee akamalizia, kisha akashtuka kama mtu aliyeamshwa. "Sijui kwa nini nasema haya!"

"Ni pini," nikamwambia. "Zinawapata wote."

Mchungaji akaanza kucheka, halafu akaacha katikati. Akamtazama Sindano, akatazama mkeka mkubwa uliotandikwa chini bila mteja wa kuukalia, na majoho ya buluu yaliyotundikwa ukutani. Nikaona jambo linamwingia pole pole. Akangoja, Mungu ambariki. Kijana yule anajua kungoja.

Sindano akanyoosha mgongo. Akakwenda dirishani akachukua kimto changu chekundu, ambacho tangu nimshonee hajawahi kukigusa. Akatoa pini mdomoni, akaichoma. Akatoa nyingine, akaichoma. Mzee Saa alikuwa bado amenyanyua mikono, koti limejaa pini, hawezi kujikunja. Saa yake ilikuwa juu kule kwenye mkono wa hewani, na hakuiangalia.

Simu ikalia. Nikaipokea. Alikuwa binti yangu.

"Mama, nipe huyo mtoto, nataka jibu la nafasi."

"Subiri kidogo, mwanangu. Anaongea."

"Nani anaongea?"

"Subiri, nimekwambia."

Pini ya mwisho ikaingia kwenye kimto. Uso wake ulikuwa umetulia, umeng'aa kama siku ya kupakwa mafuta.

"Mchungaji," Sindano akasema, "nawataka mimi hao vijana. Si kwa kuwa mmekosa mtu. Nawataka. Nimewataka tangu nilipoanza kukaa benchi la nyuma yao, nikaona aibu kusema. Nipeni mimi."